Kahawa ya Mkwe

Mbaruku alimpa baba mkwe wake kahawa kwa mkono wa kushoto.

Mzee Shemhilu hakuipokea. Alikitazama kikombe, kisha akamtazama mkwewe, shingo nene na kifua kilichoijaza fulana. "Kwa kushoto? Mimi?"

"Unywe au uache."

Mkono wa kulia ulikuwa umelala pajani. Tangu alipoongeza makopo ya zege kwenye chuma anachonyanyua uani, moto ulikuwa ukimshuka kutoka shingoni hadi kiganjani, na vidole viwili vya mwisho vilikuwa vimekufa ganzi. Hakumwambia mtu. Mtaa mzima ulimwita Winchi kwa nguvu zake, na winchi haiugui.

"Nilikuoza binti," mzee alisema, "sikukupa ruhusa ya kunidharau. Mwanahawa! Funga mizigo yako, tunaondoka."

Mwanahawa alitokea mlangoni. Hakumtazama baba yake, alimtazama mumewe. "Mwambie kama mkono unauma. Nakuona unavyoukanda ukidhani sikuoni."

"Nyamaza!" Mbaruku alifoka. "Mkono gani unauma? Huu?"

Akakihamishia kikombe mkono wa kulia, akamnyooshea mzee huku akicheka kwa dharau. Kikombe kikainama taratibu, kahawa ya moto ikamiminikia vile vidole viwili, mvuke ukapanda.

Mbaruku aliendelea kucheka. Mzee na bintiye walivikodolea macho vidole vile, wakingoja ashtuke.