Mwizi wa Terere

Mwizi alikuwa amerudi. Magdalene alisimama kwenye kishamba chake cha kukodi kule Handsworth, sare ya uuguzi bado iko chini ya koti, akalitazama tuta ambapo juzi tu terere yake ilikuwa imefika magotini. Leo hapakuwa na hata jani. Udongo ulikuwa laini, umesawazishwa vizuri kabisa. Mwizi mwenye adabu zake, huyu.

Hii ilikuwa mara ya pili, na Jumamosi mama yake alikuwa anatua Birmingham kutoka Nyeri. Miaka tisa mama huyo alikuwa akimuuliza kwenye simu, "Na huko mnakula nini, kama si mikate tu?" Magdalene alikuwa amejiapiza: chakula cha kwanza cha mama kwenye nchi hii kitakuwa ugali na terere aliyoipanda kwa mikono yake mwenyewe. Sasa alibakiwa na tuta moja tu, lile la nyuma ya kibanda.

Shida ya terere ni kwamba karibu kila mtu pale aliijua, ila kila mmoja kwa jina la kwao. Bibi mmoja Mjamaika wa karibu na lango aliiita kalalu, na akiiona alimeza mate. Fanuel, Mtanzania wa Moshi anayesali naye kanisa moja, aliiita mchicha, na alishawahi kusema kwamba hiyo na tui la nazi, mtu anajing'ata vidole. Lakini Surinder, jirani wa kulia, ndiye aliyejimaliza mwenyewe. Aliiita cholai, akashika jani kwa vidole viwili, akasema, "Yako ni nzuri kuliko yangu."

Nzuri kuliko yangu! Magdalene hakuhitaji ushahidi mwingine.

"Dada Magda, hebu fikiri," Fanuel alimwambia. "Mla mchicha anachuma majani, shina linachipua tena, wiki ijayo anarudi. Nani anang'oa na mizizi? Huyo mwizi wako hajui mboga."

"Anajua sana. Alikuwa na haraka tu."

"Mi nakwambia, si Surinder."

"Kwani wewe uko upande gani?"

Fanuel akaanza kutafuta funguo za gari mifukoni, maana alihisi jina lake nalo halikuwa mbali.

Jioni hiyo Magdalene alimrudishia Surinder bakuli lake, lile lililokuja na sambusa wiki iliyopita. Alilirudisha tupu. Kwao angechapwa kwa kosa hilo: bakuli la jirani halirudi bila kitu ndani. Surinder alifunua kifuniko, akachungulia, akakifunika tena taratibu. Magdalene alijisikia vibaya hadi kwenye basi la Soho Road. Kisha akalikumbuka tuta lake, akapona.

Mtu mmoja tu ndiye ambaye Magdalene hakumshuku. Mzee Keith, jirani wa kushoto, alikuwa Mwingereza, mstaafu wa posta, na mboga alizozijua ni viazi na kabichi. Terere hakuwahi hata kuiuliza jina. Utani wake ulikuwa mmoja, kila Jumapili, ameegemea reki yake: "Na wewe, mwanangu, utaanza lini kupanda?" Magdalene alicheka kila mara. Siku nyingine mzee alimwonea huruma, akasema hizo zamu ndefu za hospitali zitammaliza, akampa kabichi aende nayo nyumbani.

Basi Ijumaa asubuhi, kabla ya zamu, ni kwake alikokimbilia. Wizi hakuutaja. Angeanzaje kumwambia mwenyeji kwamba wageni wanaibiana mboga? Aibu hiyo ingewapata wote.

"Mama yangu anafika kesho," alisema. "Nataka akute kishamba kinapendeza, nami niko kazini mpaka usiku. Naomba uniangalizie, hasa lile tuta la nyuma ya kibanda."

Macho ya mzee yaling'aa. "Nilikuwa nangoja uniombe," alisema. "Wewe nenda kazini. Mama yako hataona aibu."

Magdalene aliondoka mwepesi. Siku nzima wodini walimsikia akiimba.

Jumamosi mama alifika amevaa sweta mbili, moja juu ya nyingine, na hakutaka chai wala kupumzika. "Nionyeshe hilo shamba kwanza," alisema, masanduku yake yakiwa bado kwenye gari la Fanuel. Magdalene akachukua kikapu, akatangulia.

Langoni alisimama Surinder na bakuli lile lile. Safari hii lilikuwa limejaa hata kifuniko kimekataa kufunga, na majani mabichi yalichungulia pembeni. "Ni ya mama," alisema.

Magdalene aliyatambua majani yale. Ati hana hata haya! Alimshika mama mkono, akampita Surinder bila salamu. Walizunguka kibanda, kikapu tayari kimewekwa wazi.

Udongo ulikuwa mweusi, laini, umesawazishwa vizuri kabisa. Katikati yake palikuwa na miche sita ya kabichi, na kando yake Mzee Keith, jasho linamtiririka, ameivua kofia kwa heshima ya mgeni.

"Karibu sana, mama," alisema. "Magugu yake nilikuwa namng'olea kimyakimya ili nisimwaibishe, lakini haya ya mwisho kaniomba mwenyewe."