Mdomo wa Mama wa Tamthilia

Kwenye skrini ya studio, mama wa tamthilia ya kigeni alimkumbatia bintiye aliyevimba jicho. Karatasi ilimtaka mtia sauti, anayemsemea mama huyo kwa Kiswahili, aseme, kama wiki zote: “Vumilia, mwanangu.”

Mtia sauti naye alikuwa na binti, kaolewa na mtu wa ngumi. Simu ya binti ilishikwa na mume, lakini tamthilia hii hakuikosa hata jioni moja.

Mtia sauti aliutazama ule mdomo mwekundu wa kwenye skrini ukifunguka, akahesabu silabi kwa vidole. Saba.

“Rudi kwetu, mwanangu,” akasema kwenye maikrofoni.

Fundi mitambo akaruka. “Mama! Wakubwa wanataka avumilie, na inarushwa leo jioni!”

“Tazama mdomo, baba. Chanda na pete.”

“Watataka turudie.”

“Basi watafute mama mwingine,” alisema, akivua hedifoni. “Mimi nawahi kumtandikia mwanangu kitanda.”