Swali Jipya la Waridi

Katika kundi letu la barua pepe la wapenda waridi, swali lililowahi kuulizwa halipiti. Ukiliandika, mtambo unakurudishia jibu la zamani, kisha unakushukuru kwa kutowasumbua wenzako. Wadudu, ukungu, majani ya manjano, yote yameshajibiwa. Nina miezi sijapata barua ya mtu.

Asubuhi moja wifi yangu Zaituni alinikuta uani nikimimina supu ya pweza kwenye shina la waridi langu.

"Wifi, si utaliua?"

"Litaumwa tu," nikamwambia. "Nipate la kuuliza."

Akanitazama, akaenda kuanua nguo.

Kufika Ijumaa majani yalikuwa yamejikunja na kutoka madoa ya zambarau. Nikayaeleza madoa, supu sikuitaja, na swali likapita. Chai yangu haijapoa, jibu likaja kutoka kwa Bwana Ngowi wa Moshi, ambaye nilidhani alishafariki.

"Pole, dada," aliandika. "Sijui unalimwagia nini, lakini punguza. Mimi langu nalichoma kwa pasi, kidogo kidogo. Likifa mapema, tutazungumza nini?"