Msonobari wa Jikoni

Tangu miti ipigwe marufuku kugusa ardhi, kila nyumba Lushoto ilifuga msonobari mmoja chunguni, na kila masika mkaguzi alipita kuhakikisha umebadilishiwa udongo na kupunguzwa mizizi. Mwaka huu Bi Namkunda alimpokea jikoni mikono mitupu.

"Mama, mkasi uko wapi?"

"Nimeutupa. Siukati tena mti huu, mwanangu."

"Basi nauchukua."

"Haya, uchukue."

Mkaguzi akakikumbatia kile chungu kidogo, akavuta mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Hakikutikisika. Namkunda alikuwa amekitoboa kitako, na chini yake sakafu ya saruji ilikuwa imepasuka.

"Mzizi umefika wapi?" mkaguzi alinong'ona.

"Kwa jirani," alisema Namkunda. "Na wa kwake umeshafika kwangu."