Swichi Imezimwa

"Shika tu waya, umeme nimezima," shemeji alisema, akinionyesha swichi ukutani. Kweli, taa ilikuwa imezimika.

Lakini mimi fizikia ya shule imenipa ubishi tu. Nikapanda kiti, nikagusisha testa, ile bisibisi yenye taa, kwenye waya mwekundu. Ikawaka.

"Hiyo testa mbovu," alisema, na hakuwa hata ameiangalia.

"Basi shika wewe, shemeji. Fundi hapa ni nani?"

Hakucheka. Mikono yake ikaingia mifukoni.

Nikashuka, nikafungua swichi. Waya mwekundu, unaoleta moto, haukupita humo kabisa. Ulikwenda moja kwa moja kwenye taa. Swichi ilikuwa inakata mweusi, ule wa kurudisha. Taa inazimika, moto unabaki juu pale pale.

"Nyumba nzima umeifunga nyaya hivi?"

Akatazama mlango.

"Umejua tangu lini, shemeji?"

Chumba cha pili, stuli ikakwaruza sakafu. Dada alikuwa anabadilisha balbu.

"Dada, usiguse!"

"Acheni kelele zenu," akajibu. "Swichi nimeshazima."