Mkono wa Kuozesha

Daktari Lin, mtabibu wa sindano za Kichina, alichoma sindano ya mwisho, nyembamba kama unywele, kati ya kidole gumba na kidole cha shahada cha Mzee Shaibu. Mkono huo wa kulia ulikuwa ukitetemeka tangu alipopatwa na ugonjwa wa Parkinson. Alasiri ya siku hiyo alitakiwa kumshika nao bwana harusi mkono na kumwozesha binti yake, Ruzuna.

"Vidonge vya hospitali umemeza?" aliuliza daktari.

"Nimemeza."

"Usiviache. Sindano zinasaidia kidogo tu, haziponyi."

"Hicho kidogo ndicho nilichokifuata. Mkono ukicheza pale mbele ya watu, watasema namtoa mtoto shingo upande."

"Watu wenyewe wanakuja kula pilau," alisema mkewe, Bi Mwanaiki. "Nani atakutazama mkono?"

Mzee hakucheka.

Sindano zilipotolewa, mkono ulikuwa umetulia juu ya goti. Wote watatu waliutazama. Bi Mwanaiki akanyoosha wake.

"Haya, baba Ruzuna, nishike tujaribu. Sema, nimekuozesha."

"Usiniguse, mama. Tutaumaliza bure utulivu huu."

Bi Mwanaiki akaurudisha mkono wake. Akainama, akamvalisha makubadhi, kisha akamfungulia mlango wa zahanati uliotazama soko.

Mzee Shaibu alitoka akiwa ameubeba mkono wa kulia juu ya wa kushoto, kama bakuli lililojaa uji mpaka ukingoni. Mkewe alimtangulia kwenye umati wa sokoni.

"Tupisheni, jamani," alisema. "Tupisheni."