Vitonge vya Mzee Gundi

"Hiki ni chakula au kokoto?" mwalimu aliuliza, akakiinua kitonge kwa uma mbele ya darasa zima ili kila mtu aione aibu yenyewe.

Darasa likaangua kicheko. Majiko yalikuwa manane na wanafunzi wanane. Saba kati yao walikuwa wametoa vitonge vya viazi laini kama shavu la mtoto. Kitonge cha mwanafunzi wa nane kilipodondoshwa sahanini, kilidunda.

Mwenye kitonge hicho alikuwa fundi saa mstaafu, mzee mpole aliyevaa aproni juu ya shati lililopigwa pasi. Tangu wiki ya pili darasa lilikuwa limembatiza Mzee Gundi, na sasa ilikuwa wiki ya tano.

"Samahani, mwalimu," alisema, akachomoa kalamu mfukoni. "Unga nimetia vikombe vinne. Ina maana ni hivyo vinne vinavyoleta ugumu huu?"

"Vinne! Nilisema kimoja, mzee! Kimoja, na cha kunyunyiza mezani!"

"Vinne," alirudia taratibu, akaandika.

Mwalimu aliondoka akisonya. Kabla ya kufungua darasa hili alikuwa amepika hotelini miaka ishirini, na humu ndani alikuwa amefundisha watu wa kila namna, hata mabwana harusi wasiojua kuwasha jiko. Wote waliiva. Huyu tu ndiye aliyegoma kuiva. Lililomuudhi zaidi ni kwamba mikono ya mzee haikuwa na kasoro. Mtu aliyekula jasho lake kwa kukaza skrubu ndogo kama ufuta angeshindwaje kukanda viazi? Uvivu tu, mwalimu aliamua. Wanaume wa namna hii hupikiwa maisha yao yote, halafu siku wakiingia jikoni wanadhani sufuria itawaamkia shikamoo.

Wiki ya sita, ambayo ndiyo ilikuwa ya mwisho, alimsimamia mwenyewe. Kwanza mwalimu alivichemsha viazi na maganda yake, akaviponda vingali moto, akaacha mvuke utoke. Akatia unga kidogo na yai, akakanda kwa ncha za vidole, akakata, akatumbukiza kwenye maji yanayochemka. Vitonge vilipoelea, akaviopoa na kuvimwagia mchuzi wake wa nyama, uliokuwa umetokota kwa moto mdogo tangu asubuhi mpaka nyama ikaachana yenyewe.

"Onja," aliamuru. "Labda ulimi wako utauelimisha mkono."

Mzee alionja. Akatafuna kwa adabu, kisha akaweka uma chini kama mtu aliyebisha hodi akafunguliwa na mgeni.

"Ni vitamu, mwalimu. Vitamu sana. Lakini sivyo."

"Sivyo nini?"

"Sivyo tu. Naomba nijaribu tena."

"Mwalimu, mwache," alidakia mshona nguo wa jiko la jirani. "Unampigia mbuzi gitaa."

"Jumamosi wanangu wote watatu wanakuja nyumbani," mzee alisema, bila hata kugeuka. "Hatujakaa meza moja tangu mwaka jana. Lazima chakula kiwe sawasawa."

"Basi waonee huruma," mwalimu alisema. "Wanunulie mkate."

Walicheka tena, na mzee akatabasamu nao. Kisha akarudi kwenye jiko lake na kuanza upya, akigeuza kurasa za daftari. Alichemsha viazi mpaka vikapasuka na kunywa maji. Akapima vikombe vinne vya unga, akasita, akaongeza nusu. Akakanda kwa viganja, kwa nguvu, kama anayefua blanketi. Mwalimu alimtazama kwa mbali na kukunja mikono. Hakuwa tena na hamu ya kumkosoa. Sikio la kufa halisikii dawa.

Ila harufu ilipomfikia, alishindwa kuvumilia.

"Mzee! Mchuzi unashika chini! Koroga!"

"Bado kidogo," alijibu mzee, akiinusa sufuria.

"Bado kidogo nini? Kitunguu kimekuwa mkaa!"

"Bado kidogo tu, mwalimu. Tafadhali."

Alipouzima moto hatimaye, moshi ulikuwa umewafukuza watatu mpaka dirishani. Mzee alipakua. Vitonge vilikaa sahanini vimeshikamana, vya kijivu, vizito, na mchuzi ukaelea juu yake na vipande vyeusi. Mwalimu alichungulia na kuona miaka yake ishirini ya hoteli ikitukanwa.

"Sikiliza nikwambie," alisema, na sasa hakuwa akitania. "Cheti changu hutakipata. Nikikupa wewe, nitakuwa nimewatapeli hawa wengine. Mwaga hicho kitu. Na usiwape wanao, watadhani umewachoka."

Mzee alivuta kiti, akaketi, akachoma kitonge kimoja na kukitia mdomoni. Taya zilifanya kazi muda mrefu. Akafumba macho. Mabega yakaanza kumtikisika, na mshona nguo, aliyedhani amepaliwa, akamkimbilia na glasi ya maji.

Aliisukuma pembeni kwa upole.

"Ndivyo," alisema. Machozi yalikuwa yakimtiririka mpaka kwenye kola, na alikuwa akicheka. "Ndivyo hasa. Marehemu mama watoto wangu, mwalimu, alikuwa mpishi mbaya kuliko wote waliowahi kushika mwiko."

Akajipakulia tena.